Nilisema Reporte

Kazi moja, 15 Septemba

Nilifunga majani ya lengalenga, nikaachia jirani yangu Mama Bea aniuzishie ku soko. Nilivaa kikwembe ya bleu, ile ya harusi. Taksi mbili mupaka ku sale ya mikutano ya komini. Nilifika mbele ya bote, nikangojea inje na mulinzi.

Leo, siku ya kwanza ya juma, njo mwanzo ya komisio ya bije. Bije njo makuta, feza ya muji ya mwaka yenye inakuja. Kila servisi inasimamisha mukubwa yake, anaomba, na komisio inasema tupitishe, tukate, ao tukatale. Kila kartie ya muji ilituma bantu babili, delege, na mumoja lazima akuwe mama. Kwetu Kasungami balituma Papa Mbuyi, mwalimu mwenye alishapumzika kazi, na miye. Balisema Mama Naomi, njo miye, anasoma Neno ku kanisa bila kukwama. Habajui ile mistari nilishakamata kwa kichwa. Masomo niliachia ku mwaka ya tatu.

Bakubwa banasema Kifransa. Bakichoka banarudia ku Kiswahili. Miye nangojea bachoke.

Niliogopa hata kukohoa.

Kazi mbili, 16 Septemba

Servisi mingi leo. Ile ya kuandikisha batoto inaomba kabati ya chuma, juu panya zilikula majina. Batoto bazima, beko na meno mu kinywa, na ku muji habana tena jina. Nilitaka kulia. Servisi ya makaburi inaomba ukuta, juu mbuzi zinakula maua ya bale balikufa, zikishiba zinalala juu yabo. Mukubwa ya servisi ya usafi anaomba mashini ya kupuliza dawa ya mbu. Yeye mwenyewe alikuwa na malaria. Alikuwa amevaa koti mu ile joto.

Kila mara miye naitika: apewe. Apewe. Presida ya komisio ni papa mumoja munene ya miwani, sauti ya pole. Aliniangalia akasema:

«Mama, tukikuachia weye makuta ya muji, kesho asubui tunauzisha viti.»

Bote balicheka. Na miye nilicheka. Papa Mbuyi hakucheka. Aliniambia ku sikio kama huruma tuiache ku nyumba, hapa tulikuja juu ya kilalo, daraja yenye tunaomba.

Ni kweli. Kilalo. Kati ya avenue yetu na nyumba ya masomo ya batoto kuna kamuto. Wakati ya jua unairuka na muzigo ku kichwa. Mvula ikifika inakuwa muto kamili, na batoto banabakia upande huu, banaangalia masomo yabo kwa macho. Naomi, binti yangu, iko ku mwaka ya sita. Kuna examen, mutihani ya mwisho. Mwaka jana alikosa masomo sana, alipita juu ya neema tu. Akikosa tena ataanguka.

Kazi tatu, 17 Septemba

Mungu iko.

Servisi ya barabara balisimama saa ya njaa. Mukubwa yabo alisoma byake: mashimo, muchanga, mafuta ya camion, na ku mwisho kabisa, kilalo ya beton, Kasungami. Papa Mbuyi alikuwa inje, mukwe yake alimuita ku telefone. Bakaanza Kifransa, mbio mbio. Injinia mumoja alisema kama udongo bado haujapimwa muzuri, ile nilisikia. Kisha Presida akageuka upande yangu, kwa Kiswahili:

«Mama, kilalo ni yenu. Komisio inaomba tuireporte. Munakubali?»

Ile neno naijua. Njo kupeleka habari ku bakubwa, bajue. Kama vile mutoto anareporte mwenzake kwa baba. Nikasema mu roho: tunafika mbali leo, mupaka kwa guverneri. Nilisimama. Nikatengeneza kikwembe.

«Reporteni, papa. Reporteni na nguvu yote.»

Sale yote ilipiga mikono. Injinia alikuja kunisalimia na mikono mibili. Alisema kama delege bote bangekuwa sawa na miye, kazi yabo ingekuwa mwepesi.

Nilirudia ku nyumba kama muntu mwenye alikunywa. Bamama balijaa mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Mama Bea alinipa kuku yake, ile yenye kutaga. Nilikatala, akaifunga miguu akaniachia ku mulango. Naomi alicheza mupaka viatu vikatoka.

Kazi ine, 18 Septemba

Siku ya mwisho ya kusikiliza. Nililala muzuri.

Kuku ilikuwa tamu.

Siku ya Mungu, 21 Septemba

Pasta alinisimamisha. Alishukuru Mungu juu ya kilalo, akasema Mungu anachukua badogo anabatuma mbele ya bakubwa. Nilisikia haya, lakini haya ya furaha. Nilikuwa na kikwembe ya bleu tena.

Kazi tano, 26 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliitwa kusikiliza karatasi ya mwisho ya komisio. Tulikuwa bantu batano tu, viti ingine bupu. Katibu anasoma, anasoma. Kabati ya chuma: imepita. Ukuta ya makaburi: imepita. Kilalo ya Kasungami: reporte. Nikapiga mikono peke yangu. Hakuna mwingine alipiga.

Papa Mbuyi alisimama kama muntu nyoka ilimuluma. Alisema Kifransa mingi, kidole juu. Presida akajibu na ile sauti yake ya pole, akaonyesha upande yangu na mukono muzima, hapana na kidole: mama delege mwenyewe alikubali mbele ya bote. Na makuta ya kilalo ilishagawanywa. Kidogo ku kabati. Mingi ku ukuta ya makaburi.

Papa Mbuyi akaikala. Kisha akasema polepole, kama vile alikuwa anasemaka na batoto ku masomo:

«Mama Naomi. Raporte, njo kupeleka habari. Reporte, njo kusongesha mambo mupaka mwaka ingine.»

Tena akasema: «Ni kosa yangu. Ile telefone.»

Hapana kosa yake. Ni kinywa yangu. Balinipa nafasi ya kusema ndiyo ao hapana, na nikasema ndiyo, na nikaongeza na nguvu yote.

Kila servisi, miye naitika: apewe. Basi balipewa.

Posho, 27 Septemba

Bote banajua. Sikuambia muntu, Papa Mbuyi naye hakusema. Lakini habari ya muji ina miguu yake.

Ku bomba ya mayi bamama baligeuka vile nilifika. Kisha mumoja akasema: «Mumupishe Mama Reporte, beseni yake isireportewe.» Bakacheka mupaka kushika mbavu. Ku soko, mwenye kuuzisha makala ya kupikia akaniuliza nalipa leo ao tureporte. Ingekuwa mwingine, na miye ningecheka. Najijua.

Jioni batoto balipita inje ya lupango banaimba ile jina. Naomi alitoka na fimbo. Nilimurudisha mu nyumba.

Bengine banasema nilikula makuta. Ile njo inaniuma kupita yote.

Kazi tatu, 1 Oktoba

Baba Naomi aliita ku telefone kutoka Sakania. Anauzishaka kule sabuni na sukari ku mupaka, anarudia ku mwisho ya mwezi. Habari ilimufikia na shofere ya camion. Alicheka, akacheka, akacheka. Kisha akaniuliza juu ya nini sikuuliza ile neno inasema nini.

Nilimujibu sijui. Najua. Nilisikia haya. Kuuliza ni kusema mbele ya bote kama sikusoma. Haya ya dakika moja nilikimbia. Sasa niko na haya ya kila siku, asubui na jioni, na batoto banaiimba.

Kazi moja, 6 Oktoba

Nilienda kumuona Presida. Peke yangu. Sikumuambia hata Papa Mbuyi. Kikwembe ingine, ile ya bleu sitaki tena kuiona.

Nilizania atanifukuza. Alinitafutia kiti, akaita muntu alete chai. Nilimuelezea yote: raporte, reporte, mwaka ya tatu, Naomi. Alisikiliza bila kucheka. Akasema karatasi ilishatiwa mukono, ilishapanda juu, yeye hana tena nguvu juu yake. Nikamuuliza kama ningekatala, kilalo ingejengwa. Akafikiri. Akasema tungepiga kura. Labda mungeshinda, labda hapana.

Labda. Angesema hapana, ningelala. Angesema ndiyo, ningelia nimalize. Alinipa labda, nirudie nayo ku nyumba.

Akaniambia mwaka yenye inakuja kilalo ya Kasungami itakuwa ya kwanza kusomwa. Atajibika yeye mwenyewe. Nikamuambia:

«Papa, mvula, yeye hatukumuuliza kama anakubali.»

Alitosha miwani akaipangusa. Si muntu mubaya. Angekuwa mubaya, ningemuchukia, nipumzike kidogo.

Chai sikumaliza.

Kazi tano, 24 Oktoba

Mawingu mazito lakini bado. Banaume ya avenue balikata miti mibili minene, bakailaza juu ya kamuto, bakafunga na kamba. Papa Mbuyi pia, na mugongo yake yenye inamuumaka. Bamama tulibeba mawe. Miye nilibeba mingi kupita bote.

Ku kupumzika nilimuambia Mama Bea nitamurudishia kuku. Yeye iko na batoto batatu na bwana hana. Ile kuku ilikuwa mayai yabo.

«Kuku ulishakula, Mama Reporte. Ile peke yake haikureportewa.»

Nilicheka. Akacheka. Tulicheka mupaka tukaikala chini mu majani. Tangu ile siku ni mara ya kwanza muntu anacheka na miye, hapana juu yangu.

Miti iko nguvu. Nilipita juu yake, nikarudia, nikapita tena. Naomi akaniambia: mama, inatosha.

Kazi ine, 6 Novemba

Mvula tangu kazi mbili. Leo asubui miti haiko. Hata mawe haiko.

Batoto balisema batapita kwa kushikana mikono. Kulikuwa interro, jaribio kidogo ya calcul, njo hesabu. Nilikatala. Naomi alilia, akasema mwalimu ataandika sifuri, akasema mwaka jana pia nilimufungia. Ile neno ilinichoma. Nikamuachia. Nilikuwa ku ukingo, kikwembe yangu mu kinywa, naiuma.

Mbele, kijana mukubwa ya Papa Mbuyi. Kisha Keren, binti ya Mama Bea, mwenzake na Naomi mu klasi. Kisha Naomi. Mayi mu kiuno. Mayi mu kifua. Keren akateleza, mikono ikaachana.

Niliona kichwa ya mutoto yangu. Kisha sikuiona. Kisha niliiona.

Ule kijana alimukamata na kola ya uniforme. Keren alijishika ku muzizi. Balitoka bote, bazima, batoto ya bantu. Naomi alitapika mayi ya udongo juu ya miguu yangu. Nilimupiga kofi, kisha nikamukumbatia, kisha sijui tena.

Hatapita tena.

Posho, 8 Novemba

Nilizunguka njia ya mbali, mupaka Kamalondo kwa yaya yangu Joji, mukubwa yangu wa tumbo moja. Anashonaka. Nyumba ni chumba moja na kidogo: mashini, meza ya kukata, vitambaa mupaka ku bati. Directeur ya masomo ya pembeni anamushoneshaka manguo, alishakubali kupokea Naomi mupaka examen.

Nikamuomba juu ya Keren pia. Yaya aliangalia chumba. Na miye niliiangalia.

«Ndugu yangu, mumoja nitamulalisha chini ya meza. Babili, ni miye nitalala ku barabara na mashini yangu.»

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli. Nilipima na macho yangu. Nilipima mara ingine. Ni mutoto mumoja tu.

Ku njia ya kurudia nilijiuliza kitu yenye sikutaka kujiuliza. Kinywa yenye ilipoteza kilalo ni yangu. Basi mutoto mwenye kubakia angekuwa wa nani?

Siku ya Mungu, 9 Novemba

Nilichagua wa kwangu. Kila mama angefanya vile.

Nilimuambia Mama Bea mwenyewe, sikutaka asikie ku bomba. Alikuwa anapepeta muchele. Hakuacha kupepeta.

«Weye uko na yaya Kamalondo. Miye niko na weye.»

Ile tu. Ningependa anitukane.

Naomi aliondoka na baba yake, mwenye alikuwa amerudia juu ya siku mbili. Sakosi moja ya manguo, godoro kidogo ku kichwa ya baba. Ku kona hakugeuka. Alikuwa anajikaza asilie, najua namna anajikaza, anainua mabega.

Kazi mbili, 11 Novemba

Mvula. Nilichambua lengalenga peke yangu. Hakuna wa kunisomea, hakuna wa kuniuliza kitu. Keren iko ku barabara, anauzisha beignets, mandazi, juu ya kiti. Nilinunua. Sikuwa na njaa.

Kazi tano, 14 Novemba

Papa Mbuyi amefungua masomo mu salon yake juu ya batoto benye banabakia. Kila siku kisha midi, mbele ya jioni. Ubao njo mulango ya zamani, alipaka makala. Bako sita, siku ingine batatu. Siku mvula inapiga bati, hakuna mwenye anasikia, anabaandikia tu. Miye napeleka kikombe ya uji. Naikala nyuma ku mulango.

Leo alifundisha maneno yenye inafanana ku sikio. Alipofika ku yangu akaruka. Niliona vile aliruka. Nikasema kutoka nyuma: Papa, andika na ile. Akaandika yote mibili, moja pembeni ya ingine. Batoto balinigeukia. Hakuna alicheka. Keren akaiandika mu kaye yake.

Posho, 29 Novemba

Kamalondo. Nilibeba muhogo, karanga, na samaki kavu ya Baba Naomi. Nilijitayarisha tangu usiku namna nitamutuliza akilia.

Hakulia. Aliongezeka mwili. Yaya alimushonea robe ya mabaki ya vitambaa, rangi ine, inamupendeza. Ku masomo mupya anafuata muzuri, calcul alipata nane juu ya kumi. Bale bakabinti ya jirani balikuja kumuita ku mulango mara tatu wakati niko pale. Anacheka kama bantu ya Kamalondo, kwa pua. Ku kutoka alinisindikiza mupaka ku taksi. Akauliza na macho chini:

«Mama, mayi ikipunguka, ni lazima nirudie?»

Nilitaka kusema ndiyo. Neno ilikuwa ku ulimi. Lakini sasa nachunga ulimi yangu. Nilimuambia atabakia mupaka examen, kisha tutaongea na baba. Alinibusu ku shavu, akakimbia. Mabega chini. Hakukuwa na kitu ya kujikaza.

Mungu, asante. Nasema asante, na inaniuma. Nilimutuma kule juu ya kosa yangu, na kosa yangu inamufaa. Ningefurahi sana kama moyo ingekubali.

Hakuniuliza habari ya Keren. Ni mutoto. Sitamufikiria vibaya.

Kazi moja, 1 Desemba

Siku ine bila mvula. Kamuto ilipunguka, mawe inaonekana tena.

Midi, jua ku kichwa, nilikuwa natoka ku soko, beseni bupu. Keren alikuwa ku ukingo ya kamuto, upande ile ya masomo, anatoka ku klasi, uniforme safi, viatu mu mukono. Aliningojea nifike. Akaniamkia, akaniambia mwalimu amemurudisha ku benchi ya mbele, lakini Naomi haiko pembeni, balimuwekea kijana mumoja mwenye anakopa majibu yake. Kisha akauliza Naomi anarudia wakati gani.

Nikamuambia sijui, mama yangu.

Tulishuka mu mayi. Ilikuwa mupaka ku kifundo tu, na wazi, unaona muchanga chini. Angeweza kupita mwenyewe. Nilimushika mukono hata vile, na hakuukatala.